Si Fundi Aliyefuta Majina

Kasulu, Jumatano alasiri

Mwanangu Jeni,

Umekwenda Makere kumuaga bibi yako, na ninavyomjua bibi yako hatakuachia kabla hujala mara mbili. Kwa hiyo nina muda. Nimefunga mlango wa mbele kwa ndani, jirani amebisha akaondoka, na mimi nimekaa na kalamu kama mwanafunzi aliyebakizwa darasani.

Naandika kwa mkono makusudi. Miaka kumi na minne nimepiga taipu barua za watu wengine, na sifa yangu hapa mjini unaijua: Mama Jeni hatazami vidole. Hii sikutaka ikimbie. Utaona huko mbele kwamba mbio za vidole vyangu ndizo zilizoniponza.

Habari za neti na za maji ya kuchemsha sitaziandika. Hayo umeyasikia tangu Jumapili mpaka umeanza kunijibu kabla sijamaliza sentensi. Wala sitakufundisha kompyuta. Kozi ya miezi sita uliyosoma Kigoma imekupa mengi kuliko niliyo nayo mimi.

Kuna jambo moja tu, na nilitaka kulisema kwa mdomo. Jumapili baada ya ibada nilianza, nikaishia kukuuliza kama umefunga sweta. Juzi nilianza tena, nikakutuma chumvi. Baba yako huwa anasema mdomo wangu hauna breki. Kumbe kwenye jambo hili breki ipo, tena kali.

Ni ile hadithi unayopenda kuisimulia, ya fundi Mkongo aliyeharibu kompyuta ya ofisi yetu akafuta majina ya watoto, na mama yako akazunguka kambi kuyarudisha. Kuzunguka nilizunguka kweli. Lakini fundi hakufuta kitu. Niliyefuta majina ni mimi. Na fundi huyo ndiye Bwana Dezire, mkuu wa chumba cha kompyuta cha Kibondo, ambaye keshokutwa asubuhi utakaa mbele yake umwite bosi.

Pumzika hapo kidogo kama unataka. Mimi mwenyewe nimepumzika.

Mambo yalitokea mwaka ule Wakongo walipoanza kujaa kambi ya Nyarugusu. Wewe ulikuwa kidato cha pili, uko bweni, ndiyo maana hukumwona. Ofisi yetu ya kanisa ilikuwa na kompyuta moja, iliyoachwa na mgeni aliyeona haya kuitupa. Ukiiambia ifungue kazi, unakwenda kunywa chai, unarudi, unaikuta bado inakoroma. Mimi siku ya kwanza niliifumia kitambaa cheupe chenye maua pembeni, kama kile cha redio ya baba yako, maana kitu cha heshima kinafunikwa, ndivyo tulivyolelewa. Kilishuka mpaka nyuma kikaziba matundu yote. Hata wakati wa kazi tulikikunja mbele tu, kioo kionekane. Mashine ilipoanza kuzimika yenyewe kila mchana tukasema ni jenereta, kisha tukasema ni vumbi, na dereva wetu akasema ni ofisi ya jirani inatuonea kijicho.

Ndipo alipokuja fundi Dezire. Alikuwa mkimbizi kutoka Bukavu, mrefu, mwembamba, anavaa koti hata jua likiwaka. Kwao alikuwa fundi wa mashine za ofisi. Hapa kwetu alipewa kibarua cha siku chache kwa wiki. Gari lilimtoa kambini asubuhi na kumrudisha saa kumi jioni. Siku ya kwanza alisimama mbele ya kompyuta, akakishika kitambaa changu kwa vidole viwili, akakikunja vizuri, akanipa mkononi.

"Mama Jeni, hii kitambaa ni muzuri sana," alisema. "Lakini mashini nayo inapumuaka. Ukiifunika hivi, unaiua."

Alisema kwa adabu, na mimi nilichukia. Nataka ulijue hilo, kwa sababu mengine yote yalianzia hapo. Wiki mbili nzima nilikuwa nakitoa akija na kukirudisha akiondoka. Mtu mzima, mama wa watu, nagombana na kitambaa.

Kilichokuwa ndani ya ile mashine, zaidi ya barua za Mratibu, mkuu wetu wa ofisi, ni orodha. Ilikuwa orodha ya watoto waliopotezana na wazazi wao wakati wa kukimbia kutoka Burundi. Kila mtoto alikuwa na fomu yake, na mimi niliziingiza moja moja: jina lake, jina analoitwa nyumbani, kilima alichotoka, alama mwilini, mahali alipo sasa na nani anamlea. Halafu kulikuwa na nafasi ya chini ya kuandika chochote anachokumbuka. Mmoja alikumbuka baba yake ana baiskeli iliyokatika kengele. Mwingine alikumbuka jina la mbuzi tu. Wakati mwingine ilinibidi nitoke nje nivute hewa, maana mimi nami nilivuka mpaka huo nina miaka kumi na mmoja, nimeshika kitenge cha shangazi, na kuna mtu asiyenijua aliyeniandika kwenye karatasi. Bila karatasi ile bibi yako wa Makere asingenipata.

Sasa nikueleze ujinga mwingine, huu wa ofisi nzima. Karatasi iliyokwisha kuingizwa kwenye kompyuta tuliiona imemaliza kazi yake. Stoo ilikuwa ndogo, mchwa wengi, na Mama Sara wa maandazi pale sokoni alikuwa hana cha kufungia. Kila mwisho wa mwezi tulimpelekea rundo, na yeye anatuletea maandazi ya moto. Fomu za watoto zilikwenda huko pia. Aliyezibeba ni mimi, na maandazi nilikula.

Kiangazi kile vikaja vifaa kwenye boksi: feni mpya, vibao viwili vya memori, na diski mpya kubwa, maana ya zamani ilikuwa imejaa mpaka pomoni. Fundi alifungua kasha mezani kwangu akaniita nitazame. Hakuwa mtu wa kuficha ujuzi. Alipuliza vumbi letu jekundu lililokuwa limelala humo ndani kama unga wa muhogo, akaniambia niguse bati la kasha kwanza kabla sijagusa kitu, umeme wa mwili utoke, kwa kuwa kiangazi ni kikavu na cheche ndogo usiyoiona inaweza kuua kibao. Akaniachia nipachike memori mwenyewe. Nilisukuma, kikakataa. Nikasukuma kwa nguvu. Akanishika kiwiko.

"Kama inakatala, haiko nguvu inakosa," alisema. "Iko upande mubaya."

Akakigeuza, kikaingia na kulia ka, ka, pande zote mbili. Tulipowasha, mashine ikahesabu memori yake kwenye kioo, ikafika pale ilipokuwa ikiishia zamani, ikapita. Nilipiga kigelegele. Mratibu alitoka ofisini kwake kuuliza nani kaolewa. Siku hiyo, Jeni, nilimpenda fundi yule kama kaka, na nikakiacha kitambaa nyumbani.

Siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa. Akafunga diski mpya ndani, akaiweka ya kwanza, ile ya zamani akaiweka ya pili, ili baadaye vitu vihamishwe kutoka moja kwenda nyingine. Lakini alikataa kuendelea. Alitaka orodha ikae pia kwenye disketi, nje ya mashine kabisa, na disketi zilikuwa zinakuja na gari la Kigoma la Jumatatu.

"Bila kopi, mi sigusi," aliniambia akivaa koti. "Na wewe, Mama Jeni, usiguse. Tungoje."

Saa kumi gari likamchukua. Mimi nikabaki na mashine iliyo wazi na kiburi changu. Jumatatu ileile kulikuwa na wageni wakubwa wanakuja kuona kazi zetu, na nilitaka wakute orodha inafunguka kabla hawajakaa vizuri kwenye kiti. Tena nilitaka wajue ni nani kafanya. Nilikuwa nimemtazama fundi siku mbili, nikaona nimehitimu. Nikamwomba mlinzi asizime jenereta kwa saa moja.

Diski mpya husafishwa kwanza kabla ya kupokea kitu, hilo nililijua. Fundi amesema mpya ni ya kwanza. Mashine huziita diski kwa herufi kuanzia C, na kwa akili yangu ya kwanza ni C, basi. Kumbe diski ambayo haijagawanywa haipewi herufi hata moja. Mashine iliiruka, ikampa C yule mzee wa pembeni, diski ya zamani. Wewe hilo ulifundishwa ubaoni. Nikaandika amri ya kusafisha C. Mashine haikunidanganya. Iliniuliza kama nina hakika, ikaniambia vyote vilivyomo vitapotea. Vidole vyangu vikajibu ndiyo kabla macho hayajafika mwisho wa mstari. Hatazami vidole, wanasema. Na kioo pia sikukitazama.

Nilikaa nikiangalia hesabu ikipanda polepole, najipepea kwa bahasha, nimefurahi. Ilipomaliza nikaitafuta orodha nianze kuihamisha. Haikuwepo. Nikaitafuta kwa jina lingine. Hata kwa hilo haikuwepo.

Na hapo, mwanangu, ndipo nilipofanya kosa ambalo ningependa usilirudie hata kama utasahau mengine yote. Sikuondoa mikono. Nilianza kurekebisha. Nilizima nikawasha, nikagawanya upya, nikasafisha mara ya pili, nikaweka programu upya juu yake, na kila hatua niliamini hii ndiyo itakayorudisha. Jumatatu asubuhi, kabla watu hawajaja, fundi alikaa kwenye kiti changu, akabonyeza mara chache, akanigeukia.

"Ulifanya mara ngapi?"

"Mbili. Na programu nimeweka."

Akafunga macho. "Ile ya kwanza tungejaribu kuirudisha, Mama. Hii ya pili imezika yote."

Hakunigombeza. Alijua ni mimi, na mimi nilijua kwamba anajua, na nilikuwa nimeshaomba Jumapili nzima kanisani na kuimba sauti ya kwanza kana kwamba sina kitu moyoni. Nilikuwa najipanga kumweleza Mratibu, naapa nilikuwa najipanga. Lakini Mratibu aliingia mapema, wageni nyuma yake, akasikia harufu ya mambo.

"Nani aliifungua mashine hii?"

Nikasema, "Fundi ndiye aliyeifungua, Mratibu. Ijumaa."

Kila neno hapo lilikuwa kweli. Nimeipima sentensi ile miaka mitatu na sijaona neno la uongo ndani yake. Ndiyo maana naiogopa kuliko uongo wote niliowahi kusema. Uongo wa kawaida njia yake fupi, watu huufikia. Huu wangu haukuwa na mahali pa kushikwa.

"Dezire, ni wewe?"

Fundi alinitazama. Hakukasirika. Alikuwa ananipa nafasi, na muda ulikuwepo, ulikuwa mrefu wa kutosha mtu kusema maneno mawili. Mimi nikawa nanyoosha karatasi kwenye taipu.

"Ndiyo, Patron," akasema. "Ni mie nilifungua."

Alinyang'anywa kadi ya ofisi palepale mbele ya wageni. Alikusanya bisibisi zake akazifunga kwenye kitambaa cha mfukoni. Alipopita kwangu aliinama kidogo, nikadhani sasa atanitemea neno. Alisema, "Usiandike tena kitu juu ya ile diski ya zamani. Pengine siku moja mutapata mutu mwenye kujua zaidi." Kisha akaenda kukaa nje chini ya ukuta, maana gari la kumrudisha kambini lilikuwa haliji mpaka saa kumi. Alikaa hapo siku nzima. Dirisha langu linatazama ukuta ule.

Sijui kwa nini alikubali. Nimejipa majibu mengi. Huenda alijua hakuna atakayeamini neno lake mbele ya langu. Mimi nilikuwa raia, nina cheti cha uraia kabatini, naimba kwaya, watu wananiita mama. Yeye alikuwa na kadi ya mgao wa chakula. Ningekuwa nimezaliwa hapa tangu mababu, labda ningejisamehe kwa kusema sikujua mkimbizi anavyojisikia akinyamaza mbele ya mwenye karatasi. Lakini nilijua, na nikautumia ule ujuzi.

Jioni hiyo nilikwenda kwa Mama Sara. Alinishangaa nilivyoanza kupekua rundo lake.

"Yoo! Mama Jeni, kulikoni?"

"Fomu zangu, Mama Sara. Zimebaki ngapi?"

"Ego, ndiyo, ziko chache. Zingine watu wamekwenda nazo na maandazi. Ungesema!"

Alinipa zilizobaki, na wiki ile yote nilipita sokoni naangalia mikono ya watu wanaokula. Nilimpokonya mwanamume mmoja karatasi yenye mafuta, andazi likiwa bado ndani. Akadhani nina njaa, akaniambia nichukue tu. Zilipatikana chache. Zilizokosekana ilibidi zianze upya, mtoto kwa mtoto, kambi kwa kambi, na vijijini kwenye familia zilizowachukua. Hiyo ndiyo sehemu unayoisimulia, na viatu vilivyoisha soli ni kweli, na malaria ni kweli.

Lakini hujui habari ya baba wa Fidesi. Alikuwa mwanamume mfupi, mpole, anakuja dirishani kwangu kila Jumanne, kofia mkononi. Alikuja mara ya kwanza siku nne tu baada ya ile Ijumaa. Alitaja jina la binti yake, miaka minne, kovu la moto kwenye kisigino. Jina lile nilikuwa nimelipiga kwa vidole hivi. Nilikumbuka kovu. Nilikumbuka kisigino cha kushoto. Mahali alipo sikukumbuka, kwa sababu mahali ndipo kazi ya mashine. Nikamwambia, "Bado tunatafuta, baba." Alinishukuru. Jumanne iliyofuata alinishukuru tena.

Miezi minane alikuja. Mtoto alikuwa Makere, kwa familia ya wakulima, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka kambini alikokaa baba yake. Nilimkuta mwenyewe nikiwa kwenye mzunguko wangu, anacheza na maganda ya maharage, na nilipomgeuza kisigino nilikaa chini palepale mavumbini. Baba yake alipoletwa, mtoto hakumjua. Alijificha nyuma ya mama wa pale nyumbani akalia. Ilichukua siku nyingi mpaka akakubali kushikwa mkono. Na yule baba, Jeni, alinijia ofisini na kuku na kunishukuru mbele ya watu wote, na kanisani wakapiga makofi, na ndipo hadithi yako ilipozaliwa. Mtu mwingine ndiye aliyetia chumvi ya kwanza, akasema "baada ya fundi kuharibu". Mimi niliacha chumvi iyeyuke. Ulipotoka bweni uliikuta tayari, ukaipenda, na mimi nilipenda jinsi ulivyonitazama ukiisimulia. Huo ndio ukweli wenyewe, na nina aibu nao kuliko ile diski.

Fundi alirudi kambini. Nilisikia anauza sabuni na betri kwenye kimeza. Mara mbili nilipita Nyarugusu nikiwa na gari la ofisi, na mara mbili nilimwambia dereva tupite njia ya juu. Baadaye nikasikia ofisi moja ya Kibondo imemwombea kibali, imemchukua. Nilifurahi, na furaha yangu ilikuwa ya mwoga: niliona kama deni limelipwa na mtu mwingine.

Halafu mwezi uliopita ikaja barua yako ya kukubaliwa kazi. Ulinipa niisome huku unarukaruka. Kabla sijafika kwenye sahihi niliziona kwenye tarehe zile namba saba za fundi, zenye kistari katikati, kama wanavyoandika Wakongo. Ukaniambia, "Mama, bosi wangu anasema nikusalimie. Mnajuana?" Nikakujibu kwamba watu wengi wananijua. Unaona? Sentensi nyingine isiyo na neno la uongo.

Kwa hiyo anajua wewe ni binti wa nani, na amekuchukua. Sijui ana moyo wa namna gani. Ninachojua ni kwamba wewe mdomo wako ni wa kwangu. Kabla wiki haijaisha, mkiwa mmefungua kasha na mikono ina vumbi, ungeanza: "Bosi, kuna fundi mmoja Kasulu aliharibu kompyuta ya mama..." Nimeiona picha hiyo kila usiku tangu barua ile ije. Naona anavyokuacha umalize. Naona asivyokuambia kitu.

Siwezi kukuacha uingie humo ndani ukiwa umebeba uongo wangu kama chakula cha njiani.

Leo asubuhi, ulipokuwa unafua, nilikwenda ofisini nikamwambia Mratibu. Nilisimama, sikukaa. Nilimwambia ya diski na ya maandazi na ya kunyoosha karatasi. Akasema, "Na baba wa yule mtoto, umemwambia?" Nikasema bado. Akasema nirudi Jumatatu tuzungumze, na sijui kama nitarudi kwenye meza yangu au kuchukua vitu vyangu. Baba yako nimemwambia mchana. Alikuna kichwa, akaniuliza kwa nini nilidhani asingeweza kuishi na mwanamke aliyekosea, ikiwa amekwisha kuishi na mimi miaka ishirini. Sikujua nicheke au nilie, nikafanya yote.

Umebaki wewe, na baba wa Fidesi, na fundi.

Usimwombe msamaha kwa niaba yangu. Nakusihi. Wewe huna kosa, na msamaha ukitumwa kwa mtoto huwa umepunguzwa njiani. Kazini kaa naye kama mwanafunzi na mwalimu wake. Akikuambia ngoja, ngoja. Kifaa kikikataa, kigeuze. Ukikosea, na utakosea, ondoa mikono kwenye mashine uite mtu, hata kama mtu huyo ndiye unayemwogopa. Mengine atakufundisha vizuri kuliko mimi. Mimi alinifundisha siku mbili tu na bado nayakumbuka.

Na ukiona huwezi kwenda, ukiona aibu hii ni nzito, niambie. Nitaumia, lakini sitakulazimisha uende kulipa kwa uso wako.

Barua hii sitaificha kwenye begi uisomee njiani wakati mimi niko mbali salama. Nitaiweka juu ya kitanda chako. Mimi nipo uani nachambua maharage, na sitajifanya nina shughuli nyingine. Soma, halafu njoo. Unaweza kunipigia kelele, unaweza kuninyamazia, vyote nitavipokea.

Nimekata tiketi mbili za basi la alfajiri, siti zinafuatana. Nitaingia nawe kwenye chumba chake cha kompyuta, nitasema mbele yako na mbele ya yeyote atakayekuwepo, kama alivyonyang'anywa kadi mbele ya watu. Halafu nitarudi, ubaki na kazi yako. Kama hutaki kukaa na mimi, chukua siti zote mbili, weka begi lako hiyo ya pili. Nitasimama na waliosimama. Lakini Kibondo nafika.

Mama yako